Mifumo mipya hukwama kwa data ya zamani

KILA serikali, benki au shirika kubwa linapozindua mfumo mpya wa kidijitali, maneno ya siku ya uzinduzi huwa yale yale. Foleni zitakwisha, ufisadi utapungua na mwananchi atahudumiwa akiwa nyumbani kwake kupitia simu ya mkononi. Siku chache baadaye, maneno ya makarani kwenye kaunta nayo huwa yale yale: mfumo umekwama, rudi kesho.

Wakenya waliyashuhudia haya Oktoba 1, 2024, wakati Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, ilipochukua nafasi ya NHIF, hazina ya bima ya hospitali iliyokuwapo tangu 1966. Katika majuma ya kwanza, baadhi ya wagonjwa wa figo na saratani walilalamika kwamba walitakiwa kulipa pesa taslimu, huku hospitali zikishindwa kuthibitisha uanachama wao katika mfumo mpya. Kwa mgonjwa anayesafishwa damu mara mbili kwa wiki, kurudi kesho si jambo dogo.

Mjadala uliofuata ulihusu siasa, zabuni na Sh104.8 bilioni zilizotajwa kuwa gharama ya mfumo huo kwa miaka 10. Mjadala huo ulistahili. Hata hivyo, kuna swali ambalo halikupewa uzito na ambalo litazuka tena kila idara itakapobadilisha mitambo yake: ni nini hasa hutendeka rekodi za mamilioni ya watu zinapotolewa katika hifadhidata kuukuu na kuingizwa katika mpya?

Si kila kukwama kwa mfumo hutokana na shughuli hiyo. Mnamo Julai 2023, huduma za eCitizen zilitatizika kwa sababu ya shambulizi la kimtandao lililofurika maombi bandia katika mitambo yake. Hilo lilikuwa tatizo la ulinzi. Tatizo la kuhamisha data ni la aina nyingine kabisa, kwani hapa hakuna adui. Mfumo hujiangusha wenyewe, na mara nyingi dalili zake zilikuwa zimejificha katika rekodi miaka mingi kabla ya siku ya uzinduzi.

Daftari na daftari

Hifadhidata ni mkusanyiko wa majedwali. Kila jedwali lina safu zenye majina, mathalani jina la mwanachama, nambari ya kitambulisho, tarehe ya kuzaliwa na namba ya simu. Majedwali hayo huunganishwa. Jedwali la michango, kwa mfano, halirudii jina la mwanachama bali hutaja nambari yake tu, nayo kompyuta hufuata nambari hiyo hadi kwenye jedwali la wanachama.

Tovuti au programu ya simu anayoiona mwananchi ni mlango tu. Mlango unaweza kupakwa rangi mpya kwa wiki chache. Ghala lililo nyuma yake ndilo lenye kazi, na ghala hilo aghalabu lilijengwa na watu waliokwisha kustaafu, kwa sheria zilizokwisha kufutwa, na bila maelezo yaliyoandikwa popote.

Wengi hudhani kuwa kuhamisha data ni kama kubeba faili kutoka kabati moja hadi jingine. Laiti ingekuwa hivyo. Mfumo mpya huwa na majedwali ya umbo tofauti na kanuni zilizo kali zaidi. Kazi halisi ni kutafsiri, na kama ilivyo katika tafsiri yoyote, yapo maneno ya lugha ya kwanza yasiyo na mwenzake katika lugha ya pili.

Mfano wa NHIF na SHA unalidhihirisha jambo hilo. Chini ya NHIF, mfanyakazi wa mshahara alikatwa kati ya Sh150 na Sh1,700 kwa mwezi kulingana na ngazi ya mapato yake, na asiye na ajira rasmi alilipa Sh500. Chini ya sheria mpya ya 2023, mwenye mshahara hukatwa asilimia 2.75 ya mshahara wake wote, naye asiye na ajira rasmi hukadiriwa kulingana na hali ya kaya yake, kiwango cha chini kikiwa Sh300 kwa mwezi. Ili kumkadiria, mfumo huuliza maswali kuhusu nyumba anamoishi na namna anavyopata maji na mwangaza.

Daftari la NHIF halikuwa na majibu ya maswali hayo, kwa kuwa halikuwahi kuyauliza. Hata kama kila rekodi ingehamishwa bila kasoro, bado kungekuwa na mamilioni ya nafasi tupu ambazo ni mwananchi mwenyewe tu angeweza kuzijaza. Kwa hiyo, kumwambia mwanachama wa zamani kwamba amehamishwa hakukuwa sawa na kumwambia kwamba yuko tayari kutibiwa. Tofauti ya maneno hayo mawili ndiyo iliyowafanya watu wengi wapigwe na butwaa wakiwa tayari hospitalini.

Uchafu uliokaa miaka

Tatizo la pili ni usafi wa rekodi zenyewe. Mfumo wa zamani hukubali mengi kwa sababu karani anayeutumia anayajua mazoea yake. Anapoona safu ya simu imeandikwa sufuri kumi, anajua kwamba mwenzake wa zamani hakuwa na namba ya kuandika. Kompyuta mpya haijui hivyo. Inaona sufuri kumi kuwa ni namba, na inapoiona kwa watu 1,000 inasema watu hao wote ni mmoja.

Majina ya Wakenya peke yake yanatosha kumkosesha mtaalamu usingizi. Mohamed, Muhammad na Mohammed huweza kuwa mtu mmoja katika vyeti vitatu. Yupo aliyeandikwa kwa jina la babake kwanza katika rekodi moja na jina la ubatizo kwanza katika nyingine. Wapo wanawake waliobadilisha jina baada ya kuolewa katika idara moja na kubaki na la usichana katika nyingine. Karani huyatatua haya kwa kumtazama mtu na kumuuliza. Programu hulinganisha herufi kwa herufi.

Tarehe za kuzaliwa nazo zina visa vyake. Wazee wengi walijua mwaka tu wa kuzaliwa kwao, na mara nyingine walikadiriwa. Mfumo unaodai siku, mwezi na mwaka humpa mzee kama huyo Januari 1. Atakapolinganishwa na rekodi nyingine iliyoandikwa kwa mkono, tarehe hizo hazitaafikiana, na mtu halisi ataonekana kuwa mtu wa kubuni.

Kuna pia mipaka ya utawala. Rekodi zilizoandikwa kabla ya 2013 zilitaja mikoa minane na wilaya nyingi zilizokuwa zikigawanywa mara kwa mara. Mifumo ya sasa hudai kaunti, moja kati ya 47. Wilaya nyingine iliingia nzima katika kaunti moja, na hapo tafsiri ni rahisi. Lakini rekodi inayotaja mkoa tu haiwezi kusema ni ya kaunti gani, kwa kuwa Mkoa wa Rift Valley pekee ulizaa kaunti 14.

Hata namba ya simu huleta balaa. Ikihifadhiwa kama tarakimu ya hesabu badala ya maandishi, sufuri ya mwanzo hutoweka. Namba hiyo hiyo ikiwa katika jedwali jingine imeandikwa kwa kuanza na 254, kompyuta haitatambua kuwa ni za mtu mmoja. Ujumbe wa kumthibitisha mwanachama utatumwa kwenye namba isiyokuwapo, naye ataketi akiungoja.

Pale kazi inapovunjikia

Katika programu za kisasa za tovuti, mabadiliko ya hifadhidata huandikwa kama hatua zinazofuatana. Hatua ya kwanza huunda jedwali, ya pili huongeza safu, ya tatu hukataza marudio, na kuendelea. Zana za kujengea tovuti kama vile Rails na Django huweka orodha ya hatua zilizokwisha kutekelezwa, ili hatua moja isifanywe mara mbili.

Utaratibu huo ni mzuri iwapo hifadhidata ilizaliwa pamoja na programu yake. Penye hifadhidata kuukuu, orodha huwa tupu ilhali majedwali yapo. Zana hujaribu kuunda jedwali la wanachama, nayo hifadhidata hukataa ikisema jedwali hilo lipo. Fundi asiye na subira hulifuta ili kazi iendelee. Fundi mwenye busara hukagua kwanza iwapo jedwali lililopo linafanana na lile linalotarajiwa, safu kwa safu, kisha huiambia zana iihesabu hatua hiyo kuwa imekwisha kufanywa. Akiiambia hivyo bila kukagua, ameandika uongo ambao hatua zote zinazofuata zitauamini.

Makosa mengine huja kwa njia tatu zinazojulikana. Ya kwanza ni marudio. Mfumo mpya unasema nambari ya kitambulisho ni ya mtu mmoja tu, lakini jedwali la zamani lina nambari hiyo mara mbili. Ya pili ni mayatima, yaani rekodi za malipo au matibabu zinazotaja mwanachama ambaye hayumo tena katika jedwali la wanachama. Ya tatu ni nafasi tupu mahali ambapo kanuni mpya inadai jibu.

Kila moja kati ya hizo huisimamisha kazi, na hapo ndipo kishawishi huingia. Njia ya mkato ni kuondoa kanuni ili data ipite, au kuzitupa rekodi zilizokataa. Kwa vyovyote vile, ripoti ya jioni itasomeka vizuri: asilimia 99 ya rekodi zimehamishwa. Katika hazina ya watu milioni tano, asilimia moja iliyobaki ni watu 50,000.

Hatari kubwa zaidi ni kukwama katikati. Hifadhidata hazifanani katika hili. PostgreSQL huruhusu mabadiliko mengi ya muundo wa majedwali kufungwa katika kifurushi kimoja, kikikwama sehemu moja yote hurudishwa kama yalivyokuwa. Katika MySQL, amri za aina hiyo huidhinishwa moja kwa moja, kila moja kivyake. Hatua yenye amri tano ikivunjika kwenye ya nne, tatu za kwanza zimekwisha kushika. Mfumo hauko tena katika hali ya zamani, wala haujafika katika mpya. Fundi akijaribu upya anaambiwa safu ipo, akijaribu kurudi nyuma anaambiwa safu haipo.

Mambo haya huonekana kuwa ya mafundi pekee. Lakini ukimuuliza mgonjwa aliyeambiwa kuwa jina lake linaonekana ila michango yake haionekani, anachokieleza bila kujua huweza kuwa hatua iliyovunjika katikati, au yatima katika jedwali la malipo.

Ardhi yenye namba mbili

Pengine hakuna rekodi nchini zenye historia ndefu na nzito kuliko za ardhi. Mnamo Aprili 27, 2021, Rais wa wakati huo, Bw Uhuru Kenyatta, alizindua mfumo wa Ardhisasa jijini Nairobi. Lengo lilikuwa kuziondoa shughuli za ardhi katika masjala zilizojaa faili za karatasi na kuzipeleka mtandaoni.

Waliobuni mfumo huo walikabiliwa na urithi wa sheria nyingi. Hadi 2012, ardhi nchini ilisajiliwa chini ya sheria kadhaa kwa wakati mmoja. Ukanda wa Pwani ulikuwa na sheria yake ya hatimiliki iliyotokana na amri ya 1908. Kulikuwa na sheria ya ardhi za serikali iliyotokana na amri ya 1915, na sheria ya ardhi iliyosajiliwa ya 1963. Kila moja ilikuwa na masjala yake, aina yake ya hati na namna yake ya kuandika namba za vipande vya ardhi. Sheria ya Usajili wa Ardhi ya 2012 ilizifuta na kuziweka zote chini ya utaratibu mmoja.

Kwa lugha ya kompyuta, hizo zilikuwa hifadhidata kadhaa zinazounganishwa kuwa moja, kila moja ikiwa na ufunguo wake. Ufunguo ni ile namba inayotambulisha rekodi. Ukiubadilisha, ni lazima ubadilishe kila mahali ulipotajwa: katika hati iliyo kabatini mwa mwenye shamba, katika rehani iliyo benki, katika kesi iliyo mahakamani, katika risiti za kodi za kaunti na katika ramani ya mpimaji.

Ndiyo maana ubadilishaji wa namba za vipande vya ardhi ulihitaji orodha rasmi zinazoonyesha namba ya zamani, namba mpya na ukubwa wa kipande, na muda wa wenye malalamiko kujitokeza. Orodha kama hiyo ndiyo roho ya shughuli nzima. Namba ya zamani ikikosewa tarakimu moja, mtu amepewa shamba la jirani. Ukubwa uliopimwa kwa ekari ukisomwa kama hekta, shamba limeongezeka zaidi ya maradufu kwenye karatasi bila mpaka hata mmoja kusogezwa.

Baada ya uzinduzi, mawakili, benki na wenye ardhi walilalamikia ucheleweshaji wa shughuli ambazo hapo awali zilifanywa kwa faili. Wako waliosema ni ukaidi wa makarani waliozoea hongo. Huenda hilo lilikuwapo. Lakini hata masjala ya malaika ingechelewa iwapo faili moja ina kurasa zilizonyofolewa, ya pili ina hati mbili za kipande kimoja, na ya tatu haionekani kabisa. Mfumo wa zamani uliweza kuishi na mkanganyiko huo kwa kuunyamazia. Mfumo mpya hudai jibu moja, na katika mambo ya ardhi jibu moja maana yake ni kwamba kuna atakayepoteza.

Hapa ndipo suala la kiufundi linapogeuka kuwa la haki. Fundi anayeamua rekodi ipi kati ya mbili zinazogongana ndiyo ya kweli anafanya kazi ya hakimu. Hafai kuachiwa uamuzi huo usiku wa manane ili tarehe ya uzinduzi isipite.

Funzo la Uingereza

Wanaodhani kuwa masaibu haya ni ya mataifa maskini wanafaa kuitazama benki ya TSB ya Uingereza. Benki hiyo ilijitenga na Lloyds 2013, ikanunuliwa na Sabadell ya Uhispania 2015, lakini iliendelea kutumia mitambo ya Lloyds. Mwishoni mwa juma la Aprili 20 hadi 22, 2018, iliwahamisha wateja wake wapatao milioni 5.2 kwa mkupuo hadi mfumo mpya uliojengwa na tawi la teknolojia la Sabadell.

Mfumo ulipofunguliwa Jumapili jioni, wateja hadi milioni 1.9 walijikuta hawawezi kuingia katika akaunti zao. Wengine waliona akaunti za watu wasiowajua. Benki ilirejea katika hali ya kawaida Desemba mwaka huo. Mkurugenzi mkuu, Bw Paul Pester, aliondoka Septemba. Mnamo Desemba 2022, wadhibiti wa sekta ya fedha waliipiga benki hiyo faini ya jumla ya Pauni 48.65 milioni, mbali na Pauni 32.7 milioni ilizokuwa imewalipa wateja kama fidia. Mwaka uliofuata, aliyekuwa afisa mkuu wa teknolojia alipigwa faini yake binafsi ya Pauni 81,620.

Jambo la kuzingatia ni kwamba wadhibiti walisema data yenyewe ilihama salama. Kilichoanguka ni mfumo ulioipokea. Uchunguzi huru uliochapishwa 2019 uliilaumu benki kwa kuchagua kuhama kwa mkupuo na kwa majaribio ambayo hayakutosha. Vituo vya kuhifadhi mitambo vilikuwa viwili, ila baadhi ya majaribio muhimu yalifanyika katika kimoja tu.

Kwa hivyo funzo ni pana kuliko kuhesabu rekodi. Zinaweza kufika zote, zikiwa kamili, na bado huduma ikaanguka kwa kuwa hakuna aliyeujaribu mfumo ukiwa na mzigo wake wote na watu wakiupigia hodi kwa wakati mmoja.

Mfano wa pili ni wa kampuni yenyewe ya mafundi. Mnamo Januari 31, 2017, mhandisi wa GitLab, kampuni inayohifadhi kazi za waandishi wa programu, alikuwa akitatua hitilafu ya hifadhidata alipofuta data kwenye mtambo uliokuwa ukihudumia wateja badala ya mtambo wa akiba. Kampuni ilipogeukia nakala zake za akiba, iligundua kwamba njia kadhaa ilizozitegemea hazikuwa zikifanya kazi. Iliponea kwa nakala iliyochukuliwa takriban saa sita kabla ya mkasa, na data ya saa hizo ikapotea.

GitLab ilifanya jambo moja ambalo idara nyingi hazithubutu kulifanya. Iliyaeleza hadharani yote yaliyotokea, hatua kwa hatua, hata kabla haijamaliza kurekebisha. Wengine walijifunza. Nakala ya akiba ambayo haijawahi kujaribiwa kurejeshwa ni matumaini tu.

Kinachofaa kufanywa

Hatua za kuzuia na kutatua matatizo haya si siri. Ya kwanza ni kuichunguza data ya zamani kabla ya kuandika zabuni ya mfumo mpya. Marudio ni mangapi? Mayatima ni wangapi? Safu ipi ina maana ambayo makarani pekee ndio wanaoijua? Makarani hao waulizwe kabla hawajastaafishwa, kwa kuwa wao ndio kamusi ya mfumo.

Ya pili ni kufanya mazoezi. Uhamishaji mzima ufanywe kwenye nakala, si mara moja bali mara nyingi, hadi muda wake na makosa yake yajulikane. Nakala hiyo iwe ya data halisi, iliyofichwa majina. Mfumo uliojaribiwa kwa rekodi 100 safi zilizobuniwa na fundi haujajaribiwa.

Ya tatu ni kulinganisha. Idadi ya rekodi zilizotoka ilingane na zilizoingia pamoja na zilizokataliwa. Jumla ya michango katika mfumo wa zamani ilingane na ya mfumo mpya hadi senti ya mwisho. Kisha watu kadhaa wachaguliwe bila mpango na rekodi zao zifuatwe kwa jicho, kutoka mwanzo hadi mwisho.

Ya nne ni kuhama kidogo kidogo. Kaunti moja ianze, au kundi moja la wanachama, na makosa yaliyojitokeza yarekebishwe kabla ya kundi la pili. Mabadiliko ya majedwali nayo yafanywe kwa awamu: safu mpya iongezwe, ijazwe, itumike kando ya ile ya zamani, na ya zamani iondolewe baada ya kuthibitishwa kuwa haihitajiki. Wahenga walitushauri tusiache mbachao kwa msala upitao. Mfumo wa zamani uendelee kusomeka hadi mpya uaminike.

Ya tano ni kuweka njia ya kurudi. Kabla ya siku ya kuhama, iandikwe wazi ni kosa gani likitokea kazi itasimamishwa, nani ana mamlaka ya kuisimamisha, na hadi saa ngapi inawezekana kurudi nyuma. Baada ya mfumo mpya kuanza kupokea malipo mapya, kurudi si rahisi tena, kwa kuwa kuna rekodi ambazo mfumo wa zamani haukuwahi kuziona.

Ya sita, ambayo husahaulika zaidi, ni kumwandalia njia mtu ambaye rekodi yake imekataa. Kila rekodi iliyokataliwa iwekwe kwenye orodha, iwe na sababu, na iwe na afisa anayeishughulikia. Wakati huo wote mwenye rekodi ahudumiwe. Mgonjwa wa figo hakuliunda jedwali la NHIF wala la SHA, na hafai kulipia tofauti zao.

Nani atawajibika?

Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inataka data ya mtu iwe sahihi, na inampa haki ya kudai irekebishwe. Mnamo Oktoba 14, 2021, Mahakama Kuu ilitangaza kuwa utoaji wa kadi za Huduma Namba ulikuwa kinyume cha sheria kwa kuwa serikali haikuwa imefanya tathmini ya athari kwa data za wananchi. Uamuzi huo ulionyesha kuwa mahakama inaweza kuuliza maswali ya mapema badala ya kungoja madhara yatokee.

Bunge nalo lina kazi. Wabunge huwahoji maafisa kuhusu bei ya mifumo na walioshinda zabuni, lakini ni nadra kuwauliza iwapo data ilikaguliwa, mazoezi yalifanywa mara ngapi na rekodi ngapi zilikataliwa. Katika ripoti yake iliyozungumziwa sana 2025, Mkaguzi Mkuu wa Serikali, Bi Nancy Gathungu, alisema umiliki na udhibiti wa mfumo wa SHA haukuwa mikononi mwa serikali. Hoja hiyo ina uzito mkubwa hapa. Asiyemiliki mfumo hawezi kufungua majedwali yake, na asiyeweza kuyafungua hawezi kumjibu mwananchi anayeuliza rekodi yake ilipotelea wapi.

Ukweli ni kwamba tarehe za uzinduzi nchini huwekwa na wanasiasa, nazo hazisogezwi. Fundi anayesema data haiko tayari huonekana kuwa anaihujumu kazi. Ni mzigo usio wa haki kumtwika mtu ambaye, aghalabu, ndiye pekee aliyeyafungua majedwali ya zamani akaona yaliyomo.

Mfumo wa SHA na wa Ardhisasa haitakuwa ya mwisho. Kila iliyo mipya leo itakuwa kuukuu siku moja, na data zake zitahitaji kuhama tena. Iwapo serikali inataka safari ijayo iwe nyepesi, itaanza sasa kwa kuandika maana ya kila safu, kusafisha rekodi mwaka baada ya mwaka na kuchapisha hesabu za waliokataliwa. Waziri atakayesimama jukwaani siku ya uzinduzi ujao aulizwe idadi yao, na wanahudumiwa wapi.